Kiti cha Katibu Kiko Wazi

Jumatatu, 3 Machi

Mwenyekiti amekataa chakula tena leo, amethibitisha shemeji yangu, dada wa mke wangu na muuguzi mstaafu, baada ya kumkagua akiwa amevaa miwani yake ya kusomea. Aligusa mbegu moja ya alizeti. Akaishika kwa mikono miwili kama shahidi aliyepewa hati asiyoitambua, akaiweka chini. Juhudi za kumpata atoe maelezo zaidi hazikuzaa matunda.

Kwa kumbukumbu. Mwenyekiti ni panya wa jangwani. Si panya wa dari, na wageni wanaosema hivyo huwa nawasahihisha. Ana manyoya ya rangi ya mchanga, mkia wenye kishungi na umri wa miaka mitatu, ambao kwao ni uzee. Aliishi na ndugu yake, Katibu, ndani ya tangi la kioo juu ya kabati la vitabu sebuleni. Majina aliwapa mke wangu. Alisema kila akiwaangalia anawakuta kwenye kikao.

Mke wangu alifariki Aprili iliyopita. Katibu amefariki Alhamisi. Nilimkuta asubuhi. Mwenyekiti alikuwa amemfunika kwa maranda, vizuri, mpaka kichwani, kisha akakaa pembeni.

Nilimzika Katibu kwenye chungu kikubwa cha maua barazani. Nikatupa maranda yote. Nikalisugua tangi kwa sabuni mpaka kioo kikalia. Kazi safi. Tangu hapo Mwenyekiti hachimbi, hatafuni boksi, hageuki nikimwita. Anakaa kona moja akitazama ukuta.

Shemeji anasema nyumba hii ina wafiwa wawili na wote hawali. "Wewe na huyo kiumbe mnashindana kukonda, shemeji, na yeye amekushinda kwa pua tu." Ametoa tamko. Jumapili anakuja na kikapu. Akikuta hali ni hii hii, Mwenyekiti anahamia kwake, ambako kuna wajukuu na angalau kuna sauti. Nikasema haiwezekani. Akauliza kwa nini. Nikasema yule ni mkazi wa hapa. Akasema hiyo si sababu.

Ni kweli si sababu. Sina nyingine ninayoweza kuisema mbele ya watu.

Mwenyekiti hatoki. Kesho natafuta suluhisho.

Jumanne, 4 Machi

Wafiwa hawapelekewi rika lao, amesema leo Daktari.

Daktari ni muuza wanyama, duka lake liko nyuma ya kituo cha mafuta. Ana kasuku, samaki, sungura na maneno. Hajasomea udaktari wala hajawahi kudai hivyo. Amevaa koti jeupe, na koti linadai kwa niaba yake.

Nilimweleza hali. Akasikiliza huku kasuku akimparua sikio. Akasema nikimpelekea Mwenyekiti mtu mzima mwenzake watapigana mpaka abaki mmoja. Anapelekewa watoto. Wawili, si mmoja, ili wakichoshwa na mzee wawe na pa kukimbilia. Na siku mzee akiondoka, hakuna atakayebaki kama alivyobaki yeye. Haya aliyasema akiwa anapima chakula cha samaki, bila kuniangalia.

Masharti yake. Unaweka wavu wa waya katikati ya tangi. Mzee upande huu, watoto upande ule. Kila siku unawabadilisha, huyu analala kwenye vumbi la yule, mpaka kila mmoja asijue harufu ipi ni yake. Wiki nzima bila kuruka. Ndipo unaondoa wavu.

Nikamuuliza kama inaweza kumalizika kabla ya Jumapili. Akaniuliza kama mimba nayo inaweza kuwa tayari kabla ya Jumapili.

Nikamwambia nimeripoti mafuriko, migomo na bunge zima lililovunjwa katikati ya hotuba. Nimezoea kazi ya haraka. Akasema panya hasomi gazeti.

Nimerudi na vijana wawili madume ndani ya boksi lenye matundu. Weusi, wadogo kama vidole gumba viwili, hawatulii. Nimewaita Wajumbe. Wavu alionipa nimeukata mwenyewe kwa mkasi wa bati. Umepungua kidogo chini. Maranda yatafunika.

Wajumbe walichungulia kwenye wavu kwa pamoja. Mwenyekiti alipiga mguu chini mara moja, kwa nguvu, kama wafanyavyo wakionya hatari, akawapa mgongo.

Wiki nzima! Wiki ni ya watu wasio na Jumapili. Nina mpango.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa kwanza umetekelezwa leo. Matokeo ni ya kukatisha tamaa.

Hoja yangu ilikuwa hii. Kama harufu ndiyo kitambulisho chao, basi hakuna haja ya kusubiri vitambulisho vichanganyike polepole. Unawapa wote kimoja. Nikachukua poda ya watoto iliyokuwa kwenye kabati la bafuni. Nikampaka Mwenyekiti mgongoni. Nikawapaka Wajumbe. Wote wakanukia kama kliniki ya mama na mtoto. Nikajipongeza kwa chai.

Wajumbe walipiga chafya, wakajikung'uta, wakaendelea na mambo yao. Mwenyekiti hakujikung'uta. Alianza kujilamba. Alijilamba mchana kutwa, mbavu, mkia, kucha, hadi manyoya yakasimama kwa mate. Kila akimaliza alijinusa, akaanza upya. Kisha akaona sura yake kwenye kioo. Akaipiga ngumi.

Naandika nilichokiona. Mwenyekiti hamjui tena hata Mwenyekiti.

Shemeji alipiga simu kuuliza habari. Nikamwambia kuna maendeleo. Akauliza ya aina gani. Nikasema ni mapema mno kutoa takwimu. Akasema hilo ndilo jibu wanalotoa hospitalini mgonjwa akiwa ameshafungwa kidevu.

Alhamisi, 6 Machi

Watu wawili wamejeruhiwa katika tukio la bafuni leo asubuhi. Mmoja ni mimi.

Mpango wa pili ulikuwa wa busara zaidi ya ule wa kwanza. Nilisoma mahali kwamba mahasimu hukutanishwa kwenye uwanja usio wa yeyote. Sebule ni ya Mwenyekiti. Boksi ni la Wajumbe. Beseni la kuogea si la mtu. Nikalikausha, nikatandika gazeti langu la jana ukurasa wa siasa, nikawashusha wote watatu.

Mjumbe wa kwanza akasogea kwa heshima, tumbo chini, pua mbele. Mwenyekiti akamnusa. Akanusa poda. Nadhani alinusa kitu ambacho tangu jana amekuwa akijaribu kukitoa mwilini mwake, na sasa kinamfuata kwa miguu minne.

Akamrukia. Wakawa mpira mmoja wa manyoya unaobingirika ndani ya beseni. Mjumbe wa pili akakimbia mzunguko bila mwisho. Nikaingiza mkono.

Daktari alikuwa ameniazima glavu nene kwa kazi hiyo hiyo. Ilikuwa sebuleni.

Mwenyekiti alinishika kidole cha shahada mpaka meno yakakutana. Hakuachia. Nilimwinua akining'inia. Nilipiga yowe la neno moja ambalo gazeti letu haliwezi kulichapisha. Mjumbe wa kwanza ametoboka sikio. Si vibaya sana, lakini tundu lipo.

Simu ikaita wakati huo huo. Mhariri wangu. Kijana mzuri, ananiita mzee, anataka ripoti ya kikao cha baraza la mji. Nikamwambia asubiri, Mwenyekiti amemng'ata Mjumbe sikio. Akauliza kwa sauti ya chini kama nina picha. Akauliza ni Mjumbe wa upande gani. Nikasema wa upande wa kushoto wa tangi. Ilinichukua muda kumrudisha chini. Alikuwa ameshawaambia wa ukurasa wa kwanza wasogeze matangazo.

Shemeji alikuja na mkoba wake wa huduma ya kwanza. Alinifunga bendeji kwa mikono ile ile aliyompangia dada yake mito mgongoni siku zile za mwisho. Hakucheka. Ningependelea acheke. Akasema nikachome sindano ya pepopunda leo leo. Kisha akamwangalia Mwenyekiti, manyoya yamesimama, jicho moja limefumba, akasema, "Unamuua kwa haraka zako, shemeji. Ungemuua kwa upweke angalau ingekuwa polepole."

Mlangoni akageuka. Akasema Jumamosi atakuja kunipikia chakula cha mchana na atakuja na mtu. Nikauliza mtu gani. Akasema mtu tu, kwani watu nao wana aina?

Nimechoma sindano. Mkono mzima unauma.

Ijumaa, 7 Machi

Mwenyekiti hakusogea kabisa leo, kwa mujibu wa Daktari, aliyefika mwenyewe baada ya kusikia habari za poda. Alikuja na koti lake. Majirani walidhani naumwa.

Alisimama mbele ya tangi kwa muda mrefu. Kisha akaanza kunihoji. Nakiri kwamba anahoji vizuri. Siku Katibu alipofariki nilifanya nini? Nilimzika. Na maranda? Nilitupa. Yote? Yote. Na tangi? Nilisugua. Kwa nini? Kwa sabuni. Hakuwa ameuliza hivyo, alikuwa ameuliza kwa sababu gani.

Akakaa kwenye kiti. Akasema hawa hawana macho ya kutegemea. Nyumba yao ni harufu. Ndugu yao ni harufu. Asubuhi ile mzee alimpoteza mwenzake, na kabla ya mchana mimi nikamfutia nyumba yote iliyobaki, mpaka akawa mgeni kwenye kona aliyozaliwa. Akaniuliza kama mimi ningefurahi mtu aje kwangu kwenye msiba, apige deki mpaka harufu ya marehemu iishe.

Nikamwambia hilo lilishafanyika. Shemeji alilifanya wiki ya pili, kwa nia njema kabisa. Nguo zote kwenye mifuko, mapazia kufuliwa, makabati kufutwa kwa dawa. Nilirudi kutoka kazini nyumba inanukia sabuni.

Daktari akafungua kifungo cha juu cha koti. Ni mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Akasema nianze upya kutoka mwanzo. Wavu. Kuwabadilisha kila siku. Wiki nzima. Akaondoka bila kunywa chai.

Sasa nilichofanya baada ya hapo. Naandika kwa mpangilio.

Droo ya chini ya dawati langu ina magazeti ya zamani. Chini ya magazeti kuna sweta la kijivu lenye vifungo, limetoboka kiwiko cha kushoto. Halikuingia kwenye mifuko. Mke wangu alilivaa kila jioni kwenye kiti cha dirishani. Mwenyekiti aliingia mkono wa kulia, Katibu mkono wa kushoto, wakapanda. Wakati mwingine walikutana kifuani, naye akacheka peke yake na mimi nikauliza nini, akasema hakuna, kikao tu.

Sweta hilo lina harufu ya Katibu. Lina harufu ya Mwenyekiti kabla ya poda. Lina nyingine pia.

Mpango wa tatu. Sweta linawekwa chini ya wavu, pale wavu ulipopungua. Mkono mmoja upande wa mzee, mkono wa pili upande wa watoto, kifua katikati. Harufu itatembea yenyewe na kazi ya wiki itafanyika bila mimi kubadilisha mtu. Uamuzi ni wa kiufundi. Hakuna kitu kingine ndani ya nyumba hii chenye sifa zinazohitajika.

Nimelishika kidogo kabla ya kuliweka. Nilikuwa nakagua vifungo.

Mwenyekiti alinyanyua pua. Akatoka kwenye kona yake. Akaja mpaka ukingo wa mkono wa kulia, akaweka kidevu juu yake, akabaki hapo.

Jumamosi, 8 Machi

Mgeni wa shemeji ni mwalimu mstaafu wa hesabu, mumewe alifariki miaka mitatu iliyopita, alisema shemeji mwenyewe mbele ya sahani ya kuku na viazi, kwa sauti ya mtu anayesoma wasifu wa mgombea. Kisha akanitaja mimi. Umri, kazi, sina kisukari. Kisha akakumbuka kwamba amesahau chumvi, ambayo ilikuwa mezani, akaenda jikoni na kufunga mlango.

Tukabaki wawili. Sijawahi kukosa swali la kuuliza. Nimemhoji waziri akiwa kwenye lifti iliyokwama. Leo nilimuuliza Mwalimu kama amekuja kwa miguu.

Akasema amekuja na shemeji. Nikasema ndiyo, nilimwona. Akaangalia bendeji yangu. Nikamwambia ni Mwenyekiti. Akatikisa kichwa kama mtu anayeelewa siasa.

Niliinamia sahani. Nilikuwa na hasira na shemeji mpaka masikio yakawaka. Mtu huletwa hivyo? Bila taarifa, bila kujiandaa, unashushwa tu mezani na mtu mwingine anashushwa mbele yako, halafu mnasubiriwa!

Mwalimu akaweka uma chini. Akasema, taratibu, kwamba angependa nijue kuwa naye hakuambiwa. Aliambiwa ni chakula cha mchana cha wauguzi wastaafu. Alikuwa amekuja na keki ya watu kumi. Ikawa zamu yangu kuangalia mbali, kwa sababu nilitaka kucheka na sikukumbuka kama bado najua.

Ndipo nikaona tangi.

Wavu ulikuwa pale pale umesimama. Upande wa kushoto, walipokuwa Wajumbe, hapakuwa na mtu. Upande wa kulia, hapakuwa na mtu. Nikainuka na kiti kikaanguka. Shemeji akatoka jikoni kwa kasi ya ajabu kwa mtu aliyekuwa anatafuta chumvi.

Wajumbe walikuwa wametafuna mkono wa kushoto wa sweta kutoka mwanzo hadi mwisho. Walipita ndani yake kama barabara, chini ya wavu, wakatokea kifuani. Kila walipopita palikuwa nyuzi. Walikuwa wamerundika nyuzi za kijivu mpaka zikawa kiota kikubwa kama bakuli la supu, chini kabisa ya waya, nusu huku na nusu kule. Kiota kilikuwa kinapumua.

Nilivaa glavu. Mara hii nilivaa. Nikafunua nyuzi za juu.

Mwenyekiti alikuwa katikati. Mjumbe mwenye tundu la sikio alikuwa amelala juu ya shingo yake. Mwingine chini ya tumbo. Mwenyekiti alifungua jicho moja, akaniangalia, akamlamba yule wa shingoni kwenye lile tundu mara mbili, akalala tena.

Nikarudisha nyuzi.

Kisha shemeji akasema, "Hilo sweta."

Alilijua kwa vifungo. Alivishona yeye. Akasema alilitafuta. Alilitafuta kwenye mifuko yote, mmoja mmoja, mpaka mingine akaifungua mara mbili. Alitaka abaki na kitu, akasema, kisha akaona aibu kuniuliza, baada ya kutoa kila kitu yeye mwenyewe, na kwa haraka vile.

Nikamwambia lilikuwa kwenye droo.

Akasema, "Nyumba nzima nilisafisha. Droo yako sikugusa." Akakaa. Nikakaa. Mwalimu, ambaye hana kosa lolote katika jambo hili, alikata keki ya watu kumi vipande vitatu vikubwa, akatuwekea mbele. Akauliza, ili mtu aseme kitu, ni yupi kati yao ndiye Mwenyekiti. Nikamwonyesha. Akasema ana sura ya mtu aliyezoea kuahirisha.

Nilikula keki yote. Shemeji aliona.

Jumapili, 9 Machi

Mwenyekiti anabaki, ametangaza shemeji saa nne asubuhi. Kikapu alikuja nacho. Kilikuwa na viazi.

Alimkagua kama mgonjwa wa kulazwa. Meno, macho, mbavu, mkia. Mwenyekiti alikula mbegu za alizeti mbele yake, moja baada ya nyingine, akitupa maganda kwenye mkono wa sare ya shemeji. Shemeji bado anavaa sare kwa kazi za namna hii. Nyuma yake Wajumbe walikuwa wanachimba shimo, na alipomrudisha ndani, Mwenyekiti alikwenda kusimamia, kisha akaingia mwenyewe na kurusha maranda nyuma mpaka kioo kikachafuka. Wavu nimeutoa. Niliutoa polepole, nikiwa nimekaa karibu asubuhi nzima, na hakuna aliyeonekana kugundua.

Shemeji akasema tusijidanganye, umri ni umri. Anaweza kwenda wakati wowote. Nikasema najua. Akasema lakini hataondoka akiwa ameangalia ukuta. Nikasema hapana.

Nikamuuliza kuhusu wale wajukuu na zile sauti. Akafuta miwani yake kwanza. Wajukuu huja likizo kubwa. Siku nyingine kuna redio. Nilikuwa nimemsikia Jumatatu na kuandika kila neno, na swali hilo sikuuliza. Kosa la kazi.

Kisha nikaingiza mkono kwenye kiota, polepole, na kutoa kilichosalia cha sweta. Ukosi, na chini yake vifungo viwili. Wajumbe hawakuwa wamefika huko. Nikampa.

Alinusa. Hakujificha, alinusa kama wanavyonusa wao, kwa pua nzima na macho wazi. Akasema kunanukia panya. Nikamwambia wa jangwani. Akasema, "Wa jangwani, haya, shemeji, wa jangwani," akaukunja ukosi kwenye kitambaa safi, akauweka ndani ya mkoba wa huduma ya kwanza na kufunga zipu.

Aliacha viazi.

Jumatatu, 10 Machi

Wiki nzima haikuhitajika, nimemweleza Daktari leo mchana, nikiwa nimesimama katikati ya duka lake ili na kasuku wasikie.

Nilimrudishia wavu. Nikamrudishia na glavu. Akauliza kama niliwabadilisha kila siku. Sikuwabadilisha hata siku moja. Akauliza kama kweli naamini ni mpango wangu uliofanya kazi, au ni watoto waliotafuna sweta na kupita wenyewe kwa sababu nilikata wavu mfupi. Nimekataa kulijadili hilo. Matokeo yapo. Wapo watatu na wanalala kwa kulaliana. Somo ni dhahiri kwa yeyote mwenye macho. Wavu ni imani tu. Watu wanapoteza wiki nzima wakiogopa, kumbe jambo linataka mtu mmoja jasiri wa kusukuma.

Mwalimu alipiga simu asubuhi kuuliza hali ya Mwenyekiti. Nilimpa taarifa. Akaniuliza mengine. Tukazungumza kidogo, kila mtu kwake, mpaka chai yangu ikapoa. Alisema atapiga tena Jumatano. Nikasema sawa. Hakuna la kuripoti hapo.

La kuripoti ni hili. Nikiwa dukani nilimchunguza Daktari kwa jicho la kikazi. Anaishi chumba cha nyuma na kasuku. Mkewe aliondoka zamani. Ana afya, ana koti, anapenda kuongea na hana mtu wa kumkatiza. Shemeji anapenda kukatiza. Nyumba yake ina redio tu. Nashangaa hakuna aliyeliona hili mapema.

Nimemwalika Daktari kuja kukagua sikio la Mjumbe. Nimemwalika shemeji kuja kunifundisha kupika supu. Hakuna anayejua kuhusu mwenzake. Kuwaambia kungechelewesha mambo. Nitawakalisha uso kwa uso kwenye meza ndogo, si ile kubwa, kisha nitakwenda jikoni kutafuta chumvi na kufunga mlango. Nimenunua pia manukato ya kupulizia sebuleni, ya waridi, ili wote wanukie sawa.

Mwenyekiti alipiga mguu chini nilipokuwa naandika haya. Alipiga mara tatu. Sijui amesikia nini.

Kikao kijacho: Jumamosi, 15 Machi, saa saba mchana. Sebuleni.